Ngozi ya Gari Lako

Somanda, Bariadi,
Simiyu.
9 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Apolonia,

Mwangaluka, mayu. Najua huko Songea hakuna anayekuamkia hivyo kwa lugha yetu, kwa hiyo nimeanza nayo makusudi ili unaposoma uisikie sauti yangu. Hamjambo? Mgongo wa shemeji Marcelo umetulia? Mara ya mwisho ulisema anatembea ameinama kama mtu anayetafuta sindano, tukacheka, kisha nikajuta kucheka maana siku hizi na mimi natembea hivyohivyo. Jenipha na Josia wanaendeleaje na masomo? Waambie mjomba wao anawaulizia kila mmoja kwa jina lake.

Sisi tuko hai. Presha ya wifi yako Stephania inapanda na kushuka, ameshaizoea. Mimi jicho la kulia nilifanyiwa upasuaji Mwanza mwezi wa kumi na mbili, na ndilo ninaloandikia barua hii. La kushoto bado lina ukungu, wamesema tusubiri. Ndiyo maana mistari yangu inapanda kilima. Usidhani nimelewa.

Mvua zilichelewa, kisha zikaja zote ndani ya wiki moja. Pamba ya watu wa bondeni imesombwa. Yetu ipo, lakini majani yameizidi. Nilikaa miaka thelathini na moja kazini nikiwahimiza wakulima wapalilie mapema, na sasa wakulima haohao wanapita, wanalitazama shamba la bwana shamba mstaafu, halafu wananisalimia kwa adabu sana. Afadhali wangenicheka.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Ungekuwa umekaa hapa mbele yangu ungeshaniambia zamani, "Kaka, sema." Siku ya Krismasi ulipopiga simu uliniuliza gari linaendeleaje, nikakujibu, "Lipo." Ukasema vizuri, mwezi wa sita shemeji atapanda basi aje alichukue. Nikasema karibuni. Apolonia, gari halipo. Siku ile ninakujibu lilikuwa kwenye uwanja wa kituo cha polisi, paa limebonyea mpaka kwenye viti, kioo cha mbele hakuna. Kwa namna hiyo ni kweli lilikuwepo, lakini wewe hukuulizia hivyo, na mimi nilijua.

Nimelala vibaya tangu siku ile. Mara tatu nimeshika simu nikaiweka. Simu ingenirahisishia mno, ningesema nusu, nusu ya pili ningesingizia mtandao. Ndiyo maana nimeandika, na barua nimempa Mwalimu Mayige, jirani yetu ambaye anarudi kwenye kituo chake cha kazi hukohuko Songea, akukabidhi mkononi pamoja na kifurushi. Nakuomba kifurushi usikifungue mpaka umalize kusoma.

Nianze mwanzo. Uliponiachia ile Probox baada ya kumzika mama, mwaka ule wa 2022, maneno yako yalikuwa machache: nilitumie, lisiozee uani, mafuta na bima viwe juu yangu, kadi ibaki na jina lako. Nilikutii. Kila ilipofika Juni nilikwenda kwa Kija, yule binti mwenye ofisi ndogo ya wakala wa bima karibu na stendi, ananikatia bima ndogo, ile inayowalipia watu utakaowagonga na si gari lako wewe. Mwaka wa kwanza nikakata, wa pili nikakata. Karatasi moja nilikuwa naibandika kwenye kioo cha gari, na nakala yake naiweka kwenye mfuko wa plastiki ndani ya Biblia, Stephania akawa ananiuliza kama ninataka na Mungu aikague.

Machi mwaka jana macho yakanigomea. Siku moja nilimkwepa punda ambaye hakuwepo, nikaingia kwenye ua wa jirani. Daktari akanikataza kushika usukani mpaka nitakapofanyiwa upasuaji. Gari likasimama. Baada ya wiki sita kuku walikuwa wanataga chini yake na matairi yameanza kuisha upepo. Kila nikitoka asubuhi nasikia sauti yako, lisiozee uani.

Ndipo akaja Magese kunijulia hali. Huyu ni mtoto wa baba mdogo, wa kule Dutwa, unamkumbuka kwa masikio yake. Akalizunguka gari, akapiga teke tairi taratibu. Nikamwambia alichukue, nikipona atalirudisha. Nikatania kwamba leo nimembilisa. Tulicheka wote wawili, lakini hakuna aliyechukulia kuwa ni utani.

Wewe unajua kubilisa kulivyo, tumekulia humo. Ng'ombe ni wa baba, anakaa kwa mtu mwingine, maziwa ya mtu huyo, ndama wa baba, na ng'ombe akifa ngozi inarudi kwa baba ili ajue amekufa na hakuuzwa. Basi Magese akawa anasombea watu mahindi na pamba katika vijiji vya jirani, sisi anatuletea gunia pale alipoweza, na kila tarehe ya kliniki ya Stephania alikuwa mlangoni saa kumi na mbili asubuhi. Kosa langu la kwanza lilikuwa hapo, nalikiri kabla hujanionyesha. Gari lilikuwa limebiliswa kwangu. Nilichukua ng'ombe wa mtu nikambilisa kwa mtu wa tatu bila kumwambia mwenyewe. Baba asingefanya hivyo hata kwa kuku.

Juni ikafika. Kija akanipigia kunikumbusha bima inaisha tarehe thelathini. Nikamjibu kwamba mwaka huu sina gari. Akaniuliza kwa upole kama limeuzwa. Hapana. Limepaki? Hapana, liko kwa ndugu yangu Dutwa. Akaniambia kwamba lingekuwa limesimama uani tu tungeliacha mpaka siku nitakayotaka kuliingiza barabarani tena, hiyo haina shida. Lakini kama linatembea, lazima liwe na bima, hata kama mimi sijaliona mwaka mzima. "Mzee," alisema, "bima inafuata gari. Haimfuati mtu."

Nilimsikia vizuri, mdogo wangu. Sikuwa na tatizo la masikio. Nilimwambia nitaongea na ndugu yangu, na sikuongea. Kichwani mwangu hesabu ilikuwa imeshafungwa: anayekamua ndiye anayepeleka ng'ombe josho. Nani alimwambia mchungaji aliyebiliswa kwamba kesho ni siku ya kuogesha? Anajua. Kumkumbusha ni kama kumwambia unamhesabia vikombe vya maziwa. Nikanyamaza, nikaona nimefanya ustaarabu.

Na Magese kwa upande wake alikuwa ananyamaza. Haya amenieleza baadaye, na alinieleza akiwa anatazama chini. Tarehe ya kwenye karatasi ilipopita aliiona. Kila asubuhi akiwasha gari anaiona. Lakini karatasi ile ina jina la Apolonia, na kwake jina lile ni sawa na chapa ya kwenye paja la ng'ombe. Anayepiga chapa ni mwenye mali. Yeye angeanzaje kwenda mjini kuandikisha jina la dada ambaye hajamtuma? Akaniachia mimi. Na kuniuliza aliona ni kunishushia heshima, kama kusema sijali mali yangu. Kwa hiyo tulikaa hivyo miezi mitano, watu wazima wawili, kila mmoja anamheshimu mwenzake, na gari linatembea uchi.

Kumbe ilikuwa kazi ya dakika kumi. Kija ameniambia sasa. Magese angekwenda na nakala ya kadi na namba yako ya simu, angekatiwa bima kwa jina lako, basi. Hakuna ambaye angeona amejimilikisha chochote. Nikikumbuka hizo dakika kumi nachoka hata kuinuka.

Ajali yenyewe ilitokea tarehe ishirini na sita Novemba. Magese kwa kawaida hakuwa akienda barabara kubwa, njia zake zilikuwa za mashambani. Siku hiyo akina mama wanaouza dagaa walimwomba awachukulie mzigo Lamadi kwa ajili ya mnada wa Dutwa. Akiwa anarudi, mvua inanyesha, kabla hajafika kwake, mbuzi wakakatiza. Akawakwepa. Upande aliokwepea alikuwepo mama mmoja kwenye baiskeli, anatoka mashine na unga. Gari likamgonga, likapitiliza, likapinduka kwenye kalavati.

Mama huyo anaitwa Rhoda, mke wa Masunga, mkulima wa palepale Dutwa. Yuko hai, nakuambia mapema usije ukashika kifua. Paja la kulia lilivunjika mara mbili. Wamemwekea chuma. Magese alitoka kwenye gari damu inamchuruzika kichwani, akamrudia yule mama kwenye tope, akambeba mgongoni mpaka barabarani, akasimama naye mpaka walipopata gari la kuwaleta hospitali hapa mjini. Hakukimbia. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa Kija. Nina haya kukuandikia, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilivaa koti, nikachukua nakala ya kadi, nikakaa mbele yake na kumwambia nimekuja kukata bima ya Probox. Alikuwa ameshasikia, Bariadi si kubwa. Akaacha kuandika, akaweka kalamu chini.

"Mzee wangu, nikikukatia, inaanza leo. Ajali ni ya jana."

Akanipa maji. Ukweli ni kwamba nilijua hayo kabla sijavaa koti, ila miguu ilikuwa inataka kufanya kitu. Na hadi leo, kila baada ya wiki mbili, simu yangu inalia na ujumbe wa kompyuta: mpendwa mteja, bima ya chombo chako imeisha, tafadhali huisha ili uendelee kuwa salama. Sijui kuufuta. Stephania anasema nisiufute, niwe nausoma kama toba.

Bima haikuwepo, kwa hiyo Rhoda hakuwa na wa kumlipia ila sisi. Magese ameuza ng'ombe wake wawili, mimi nimeuza mmoja na ile baiskeli, na hospitali tumeimaliza. Sikuandikii nikitaka uchangie, tafadhali. Nimeliandika ili usije ukalisikia kwa mtu mwingine ukadhani nimekuficha na hili.

Shida iliyobaki ni ya kesi. Magese anashtakiwa kwa kuendesha gari ovyo na kwa kuendesha gari lisilo na bima. Yuko nje kwa dhamana niliyoiweka mimi. Lakini sheria, kama nilivyoelezwa, haimkamati anayeendesha tu. Aliyeruhusu gari lisilo na bima liendeshwe naye ana kosa. Wanataka kujua ni nani aliyeruhusu, na jina lililo kwenye kadi ni lako.

Hapo akaingia shemeji Ndalahwa, kaka yake Stephania, yule aliyekuwa karani kule Lagangabilili na sasa amestaafu na kalamu zake. Alikuja hapa Jumapili moja, hakutaka hata chai. Akatoa karatasi mbili alizokwishaandika kwa mashine, moja ya kusaini mimi, nyingine ya kusaini wewe. Zinasema gari liliachwa nyumbani kwangu likiwa limepaki kwa sababu ya ugonjwa wangu wa macho, na kwamba Magese alilichukua bila ruhusa ya mtu yeyote. Ndalahwa akasema tukisaini hizo, mimi na wewe tunatoka safi kabisa. Kosa lote linabaki kwa Magese, na linaongezeka la wizi.

Nikamwambia Magese ni damu yangu. Akanijibu kwamba na mimi ni mume wa dada yake, na hataki kumwona dada yake mwenye presha akinipelekea chakula mahabusu. Si mtu mbaya, Apolonia. Alikuwa anatupenda kwa njia ya makaratasi, ndiyo anayoijua.

Sitajifanya mtakatifu. Zile karatasi zilikaa mezani siku nne. Nilizisoma kwa jicho moja mpaka nikazijua kwa moyo. Ilifika siku nikashika kalamu. Nina miaka sitini na nne, naona nusu, nimefanya kazi ya serikali bila hata barua moja ya onyo, na nikawaza, mimi nife na rekodi ya mahakamani kwa sababu ya kumwonea haya mtu kumwuliza bima? Naogopa jela. Sikudanganyi, naiogopa sana. Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi, kuna nukta ya wino pale, utaiona.

Kilichonizuia kwanza ni Rhoda. Kesho yake tulikuwa tumepanga kwenda kumjulia hali na Stephania. Amesharudi kwake Dutwa, anakaa kwenye godoro mlangoni, mguu umenyooshwa, anamenya karanga. Nilitegemea matusi. Akatukaribisha viti, akaulizia macho yangu. Nikajikaza nikamwuliza angependa kesi iishe vipi.

"Mimi sijui mambo ya kesi," akasema. "Najua Magese alinibeba. Mwizi angekimbia."

Hakuwa na habari yoyote ya karatasi za Ndalahwa. Neno mwizi lilitoka kwake lenyewe, akaendelea kumenya karanga. Stephania alinitazama, mimi nikatazama nje. Na huko nje, kwenye shamba lao la mahindi, kulikuwa na mtu ameinama na jembe. Masunga akatuambia kwamba Magese anakuja kila asubuhi kabla hajakwenda kwake, analima mpaka jua likipanda, anaaga na kuondoka. Hakuna aliyemwomba. Shamba la Rhoda ni safi kuliko langu.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimechoka kuliko siku zote. Na siku mbili baadaye akaja Magese mwenyewe.

Alikuja kwa miguu kutoka stendi. Alikuwa amebeba kitu kipana ubavuni, amekifunga kwa kitenge cha mkewe. Hakuingia. Alisimama nje ya mlango, akavua kofia, akanyoosha ule mzigo kwa mikono miwili.

"Kaka, ng'ombe wako amekufa," akasema. "Ngozi yake hii."

Nikafungua kitenge. Kilikuwa kibao cha namba, kile cha nyuma, kimepinda kwenye kona, amekisugua kwa majivu mpaka kinang'aa. Polisi walikuwa wamemaliza kulikagua gari, akaomba akifungue, wakamruhusu.

Apolonia, unamkumbuka yule mtu aliyekuja na ngozi mvua inanyesha, wewe ukiwa bado unalala na mama? Alitokea mbali, ameifunga ngozi nyuma ya baiskeli, amelowa mpaka kwenye mifupa. Ng'ombe wa baba alikuwa amekufa kwake. Baba aliipokea ile ngozi, akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule, hakuuliza swali. Kisha akageuka akamwambia mama, "Mletee maji anawe." Mtu yule akaingia, akala na sisi. Baadaye mimi nilimwuliza baba amejuaje kwamba yule mtu hakumuuza ng'ombe. Akaniambia mtu aliyeuza ng'ombe wako hatembei siku nzima kukuletea ngozi.

Nilisimama pale na kibao mkononi. Nikakigeuza. Upande wa nyuma kilikuwa na kutu na tope kidogo ambalo majivu hayakulifikia. Nikakigeuza tena. Nilikuwa nalia, jicho zima na bovu yote mawili, hayabagui kwenye hilo. Nikamwita Stephania nikamwambia, "Mletee Magese maji anawe." Tulikula ugali na mlenda, watatu, hatukuongea lolote la gari.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda kituoni, nikaandikisha maelezo yangu. Nimesema gari liliachwa kwangu na dada yangu, bima ilikuwa jukumu langu, wakala alinikumbusha Juni nikapuuza, na Magese nilimkabidhi ufunguo mimi kwa mkono wangu. Askari aliyeandika aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamwambia uhakika ndio kitu pekee nilichobakiwa nacho. Nikaweka sahihi. Kesi itatajwa mwezi wa tatu, nami sasa nimo.

Kwa hiyo watakutafuta huko Songea uandike maelezo ya mwenye gari. Wewe huna kosa hata kidogo, hukujua lolote. Unachotakiwa kusema ni kile kilichotokea: ulimwachia kaka yako Jilala, ukamwambia bima ni juu yake. Nukta. Ukisema hivyo, wewe uko huru na mzigo unabaki kwangu, mahali pake.

Lakini mimi nakujua. Ulikuwa na miaka saba ulipomwambia mwalimu kwamba ni wewe uliyevunja kioo cha darasa, wakati jiwe nilirusha mimi, na ukachapwa huku unanitazama nisifungue mdomo. Ndicho kinachonitia hofu. Naogopa utasoma barua hii, utasahau gari, utaanza kutafuta njia ya kumwokoa kaka. Na njia ipo, imeandikwa vizuri kwa mashine, inasubiri sahihi yako tu. Ukiisaini maelezo yangu yataonekana ya mzee asiyeona anayemlinda ndugu yake, na huenda wakaniacha. Na Magese atakuwa mwizi maisha yake yote, yeye na watoto wake, kwenye kijiji ambacho alimbeba mtu mgongoni.

Usinipende kwa namna hiyo, mdogo wangu. Safari hii niache nichapwe.

Nisalimie sana shemeji Marcelo. Najua atakasirika, mwache akasirike, ana haki, alikuwa ameshamwambia kila mtu anakuja kuchukua gari. Wasalimie Jenipha na Josia. Mwambie Jenipha kwamba mjomba ana kitenge cha mama alichomtunzia, hicho hakikubiliswa kwa mtu. Stephania anakusalimu na anasema akina mama wa kwaya bado wanaulizia ile sauti yako. Magese hajakutumia salamu. Nilimwuliza, akasema hana uso. Mimi nakutumia kwa niaba yake.

Mungu awalinde huko mlimani, awape mvua ya kiasi na afya ya mgongo na ya moyo, na siku moja atukutanishe tukiwa bado tunatambuana kwa macho.

Sasa fungua kifurushi. Utakuta kibao cha namba. Nimekifunga kwa kitenge kilekile alicholeta Magese, na ndani nimekizungushia karatasi ili kisikwaruze. Karatasi hiyo ni zile za Ndalahwa. Sikuzichoma, kwa sababu moja ina jina lako na si haki yangu kuchoma kitu chenye jina lako. Nimefanya ya kutosha kwa vitu vyako bila kukuuliza. Ila nakuomba uzione kama nilivyoziona mimi nilipokuwa nafunga: karatasi za kufungashia.

Kibao ni chako. Kigeuze upande huu na upande ule, uchukue muda wako. Mimi nimesimama nje ya mlango wako, kofia nimevua. Ukipiga simu usiniambie umesamehe, neno hilo ni kubwa na mtandao wetu ni mdogo. Niambie tu ninawe.

Akupendaye, na akuogopaye kidogo,

Kaka yako,
Jilala